Mwaka wa Sufuria Mbili

Elisante alikuja kumzika Hadija. Alishuka kwenye gari la mwanawe pale Mikwajuni, amevaa baraghashia, yeye mzee wa kanisa, akatembea na fimbo yake mpaka kwenye turubai la wanaume, na Rajabu akainuka akampisha kwenye kiti chake cha plastiki. "Mheshimiwa diwani!" akasema Rajabu. "Ah, mheshimiwa ni wewe, mimi wananchi walinisaidia tu!" Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kufunika mdomo kwa mkono. Sinia la wali lilipopita waliletewa moja, wakanawa kwenye beseni moja, wakala. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, kwenye mkeka, mguu wangu mbovu nimeunyoosha mbele, nawatazama kupitia upenyo wa turubai kama mtu anayemtazama mwizi wake akifanya manunuzi dukani. Mama mmoja akaniuliza, "Mbona huli, dada?" Nikamwambia jino linaniuma.

Watu wa huku wakiutaja ule mwaka husema mwaka wa mafuriko, kana kwamba mvua ndiyo iliyotutenda. Mvua ilinyesha kama inavyonyesha milima ya Upare tangu babu zetu. Mimi shule nimeishia darasa la saba, nauza chakula Same mjini karibu na stendi, sijui kuandika kwa kupamba. Lakini nilikuwepo, na waliotutenda nitawataja. Mmoja ni Elisante na mwingine ni Rajabu, na sinia lao lilirudi jikoni jeupe, hawakubakiza hata punje.

Mwaka huo nilikuwa bado binti wa kuolewa juzi, nina mtoto mmoja, Upendo, naishi Iranzi, juu kabisa, pale ukungu unapoingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Ukisimama uwanjani kwetu asubuhi ukungu ukiondoka, unayaona mabati ya Mikwajuni chini kule, yanawaka, na barabara ya vumbi inayokwenda Kisiwani. Juu tulikuwa Wakristo karibu wote, wakulima wa tangawizi na maharage na ndizi. Chini walikuwa Waislamu karibu wote, wakulima wa mahindi na mpunga, na wenye maduka. Wote ni Wapare, wote tunasema Kipare nyumbani, na kata yetu ni moja. Kilichotuunganisha hasa kilikuwa ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la udongo na mawe walilolijenga wazee. Jioni tundu lake linazibwa, maji ya kijito yanajaa usiku kucha, asubuhi linazibuliwa na maji yanashuka kwenye mfereji mpaka mashambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ndiva yetu ilikuwa Iranzi, hatua chache nyuma ya jiko langu. Mashamba yaliyokunywa zaidi yalikuwa ya Mikwajuni.

Kila mwaka kabla ya mvua za vuli pembe ilipulizwa, tukaitana kwenye msaragambo, maana yake kazi ya wote, kuondoa tope na kuziba nyufa. Watu wa chini walipanda alfajiri na majembe yao. Na chakula kilikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyeuandika mahali. Wanawake wa chini wanapanda na mahindi yaliyokobolewa, sisi wa juu tunatoa maharage, vinaingia sufuria moja ile kubwa ya shuleni, yanakuwa makande. Kukiwa na mbuzi, hata kama mbuzi ni wa mchungaji mwenyewe, anayechinja ni Mzee Shabani wa Mikwajuni, baba yake Hadija. Ilikuwa hivyo kwenye harusi zetu, kwenye vipaimara, hata kwenye misiba. Mzee Shabani alikuwa anapanda mlima na kisu chake amekifunga kwenye kitambaa cheupe, anaelekea kibla, anasema maneno yake, anachinja, na baada ya hapo hakuna wa kuuliza nani ale na nani asile. Nimekulia katika hali hiyo na sikujua kwamba ni kitu. Nilidhani duniani kote wanafanya hivyo.

Hadija nilimzoea kwenye sufuria hiyo. Yeye alikuwa na binti, Mwanaidi, umri mmoja na Upendo wangu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye maneno ya kuchoma. Tukiwa tunakoroga makande ananiambia, "Mama Upendo, chumvi mnaificha ili muuziane kanisani?" Namjibu, "Tunaificha kwa sababu nyie mkiiona mtafungua duka." Siku za gulio tulikutana katikati ya mlima, yeye na mchele wake, mimi na tangawizi, tunabadilishana bila kupima sana. Alikuwa ananiwekea ukoko wa wali kwenye jani la mgomba kwa sababu alijua naupenda. Kitu kidogo hicho, ukoko. Nimekula vingi tangu hapo na sijaletewa tena ukoko na mtu.

Basi ukaja uchaguzi wa diwani. Elisante alikuwa wa kwetu, mtu wa Iranzi, alikuwa karani huko mjini akarudi na suti na redio. Rajabu alikuwa wa chini, mfanyabiashara wa nafaka, mwenye gari la mizigo. Vyama vyao vilikuwa tofauti lakini sikumbuki mtu hata mmoja akiuliza habari za vyama. Uliuliza, "Unampa nani?" ukajibiwa, "Wetu." Ndiyo ilikuwa sera.

Mwaka huo mume wangu, Eliamini, ndiye aliyechaguliwa kuangalia ndiva, kufunga na kufungua na kugawa zamu. Kwa hiyo Elisante alikuja kwetu. Nakumbuka ile sebule yetu, viti vinne vya mbao na vitambaa nilivyovifuma mwenyewe, kalenda ya mwaka uliopita tuliyoiacha kwa ajili ya picha ya maua. Nilimpelekea chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, nikarudi jikoni, na jiko letu lilitenganishwa na sebule kwa ukuta wa fito na udongo tu, kila neno lilipita.

"Bwana Eliamini," anasema Elisante, "wenzetu wameshajipanga. Msikitini wanaambiana. Na sisi tusipojipanga tutatawaliwa na watu wa chini katika mlima wetu."

"Kutawaliwa vipi? Diwani ni diwani."

"Maji ni ya nani?"

"Ya zamu," mume wangu akasema.

Elisante akacheka. "Wewe ni mtu mwema sana. Ndiyo maana vijana wanauliza, hivi kwa nini hata mbuzi wetu achinjwe na mtu mwingine? Sisi hatuna mikono?"

"Wanauliza vijana au unawauliza wewe?"

Nikasikia kikombe kinawekwa chini. Halafu Elisante akasema kwa sauti ya upole, sauti ile ninayoisikia mpaka leo, "Mimi nitatoa mbuzi wanne msaragambo huu. Nataka watu wetu waone kwamba wana mtu."

Alipoondoka Eliamini aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, akachukua kiazi akakimenya asikile. Nikamwambia, "Si kampeni tu hizo? Zitapita." Akasema, "Tope likijaa kwenye ndiva halitauliza nani kabatizwa." Hakuwa msemaji, marehemu. Wenzake walikuwa na kesi tatu tatu mahakamani, si mnatujua Wapare, mtu anauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, lakini yeye hakuwahi kumshitaki mtu.

Siku ya msaragambo ilifika. Watu wa chini walipanda wengi kuliko mwaka wowote, labda kwa kusikia habari ya mbuzi wanne. Mzee Shabani alipanda pole pole, anapumzika kwenye kila kona, kitambaa chake cheupe mkononi. Alipofika uwanjani karibu na ndiva aliwakuta mbuzi wote wameshachunwa, wananing'inia kwenye mparachichi, vijana wawili wanakata maini. Alisimama. Mimi nilikuwa karibu naye, nina ndoo ya maji kichwani, niliona jinsi alivyotazama mti ule kama mtu aliyepotea njia katika kijiji chake mwenyewe.

"Nani kachinja?" akauliza.

Vijana wakatazamana. Elisante akatoka kwenye kivuli, tai shingoni. "Shikamoo mzee wangu. Karibu sana. Leo tumeona tusikuchoshe na mlima. Kisu ni kisu."

"Marahaba," akasema Mzee Shabani. "Nani kachinja?"

"Kachinja mtu wa hapa hapa. Hapa si kwetu?"

Watu wa juu wakacheka. Siyo wote, lakini waliocheka walitosha. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mzee, mbuzi ameshakufa, unataka tumfufue umuue tena?" Hapo kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mzee Shabani alikizungushia kile kisu kitambaa mara nyingine, akakikaza, ingawa hakikuwa kimefunguka, akageuka. Eliamini akamfuata, akamshika mkono, akateremka naye mpaka kona ya tatu, kila mtu anaona. Na nyuma yao watu wa chini, mmoja mmoja, wakaweka majembe begani. Wanawake wao walikuwa wameshamimina mahindi kwenye sufuria ya shule. Hadija akaja na ungo, akaanza kuyachota yaliyokuwa bado makavu juu juu. Nikamshika mkono. "Mama Mwanaidi, acheni basi, makande hayana nyama, kuleni makande." Akaniambia, "Wamemcheka baba yangu, Naetwe." Aliniita kwa jina langu, si Mama Upendo. Akachota, akaenda.

Siku hiyo tope liliondolewa robo. Watu wa juu walichoka mapema, wakala nyama, Elisante akahutubia kuhusu maendeleo. Wiki moja baadaye watu wa chini walitangaza msaragambo wao wa kusafisha mfereji upande wa kwao tu, na Rajabu akatoa ng'ombe mzima na sufuria mpya kubwa, amechora jina lake kwa rangi nyekundu. Ndiyo ikawa mara ya kwanza katika kata yetu kuwa na sufuria mbili. Habari za hotuba yake tuliletewa na wauza samaki. Alisimama juu ya gari lake akasema kwamba watu wa juu walitaka kuwalisha Waislamu kibudu, kwamba leo ni nyama, kesho ni maji, kwamba yeyote wa Mikwajuni atakayepanda kwenda kuchimba tope la Elisante ameuza dini yake. Alijua vizuri kwamba hakuna aliyelishwa kitu. Mbuzi walikuwa wananing'inia bado, hata moto haujawashwa. Lakini ile habari ilimfaa kuliko mapipa kumi ya mafuta ya gari. Na ilimfaa Elisante vile vile. Juu kwetu ilisemwa, "Mmesikia? Wanatuita walisha vibudu." Ndugu zangu, wale watu wawili walikuwa wanapikiana chakula.

Mara ya mwisho kuongea na Hadija ilikuwa gulioni kabla ya kura. Aliketi na mchele wake lakini alikuwa amekaa upande wa wenzake, wamejipanga kama ukuta. Nilikwenda na tangawizi yangu, nikachuchumaa mbele yake.

"Unampa nani?" nikamwuliza kwa sauti ndogo, kwa utani, nikidhani utani utatuokoa.

Akatazama pembeni. Wenzake walikuwa wanasikiliza. "Wetu," akasema. "Na wewe?"

Nyuma yangu alikuwa amesimama dada yake Elisante ananunua nyanya. Nikajibu, "Na mimi wetu."

"Basi tumemaliza," akasema Hadija. Akanipimia mchele kwa kibaba, akausawazisha kwa kidole, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. Nilipanda mlima na ule mchele nikilia, na nilipofika nyumbani nikasema ni baridi.

Kura tulipiga kwenye darasa la pili, chini ya mchoro wa herufi. Tulipanga mstari tangu ukungu haujainuka, wanawake huku wanaume kule, na kila aliyeingia alisindikizwa na macho ya dada yake Elisante na wenzake waliokaa kwenye ngazi. Ndani palikuwa na ile meza iliyozungushiwa karatasi ngumu. Niliinama na kalamu. Niliyafikiria yale maji. Nikafikiri kwamba sisi wa juu tuna chemchemi na mvua za kutosha, wao wa chini hawana kitu ila ndiva. Mtu anayekula kwa sababu ya ndiva hawezi kuiacha ife. Nikampa Rajabu. Sikuona ushujaa wowote katika hilo, nilikuwa naona kama naweka jiwe kwenye ufa. Nikatoka, dada yake Elisante akaniuliza, "Tumeshinda?" Nikamjibu, "Tumeshinda."

Matokeo yalibandikwa ukutani, nje ya lile darasa. Elisante alikuwa amepata karibu Iranzi nzima. Rajabu alipata kura nne. Kata ina vijiji vingi vya mlimani kuliko vya chini, kwa hiyo Elisante alipita, na ungedhani hapo watu wangekwenda nyumbani wakalale. Hapana. Walisimama mbele ya ile karatasi mpaka jua likazama, wanaitazama ile nne. Tunaambiwa kura ni siri, na labda mjini ni siri. Kwenye kijiji ambacho unajua hata mbwa wa nani amebweka, kura nne zinatafutwa kama mbuzi waliopotea. Waliwahesabu watu kwa vidole. Fulani ana shangazi chini. Fulani anamdai Elisante. Na Eliamini, nani asiyejua, si ndiye aliyemshika mkono mzee wa kisu mpaka kona ya tatu?

Wakaanza kumwita Alhaji. "Shikamoo Alhaji!" vijana wanamwamkia akipita na jembe. Kanisani benchi letu likawa la watu watatu, mimi na yeye na Upendo. Mfereji ulipopita kwetu mtu aliuelekeza pembeni, tangawizi ikanyauka karibu kabisa na ndiva anayoifungua mwenyewe. Hakulalamika. Mimi nilijua kura mojawapo ni yangu, na sikumwambia, kwa kuogopa asije akabeba na hiyo. Yeye alimpa nani, sikuuliza, na alikufa nayo.

Alikwenda kwa Elisante, ambaye sasa alikuwa diwani, kumwomba apulize pembe upya ili msaragambo urudiwe kabla mvua hazijaja, ndiva imejaa tope robo tatu. Elisante akamjibu mbele ya watu, "Wamwite diwani wao Rajabu aje na ile sufuria yake." Akateremka Mikwajuni peke yake kwa Rajabu. Alimkuta dukani anapima mahindi. Rajabu akasema, "Bwana Eliamini, wewe nakuheshimu. Lakini watu wangu wakipanda nitaonekana nimeshindwa mara mbili." Haya maneno nimeyapata kutoka mdomoni mwa mume wangu, jikoni, amekaa kwenye kile kigoda. Aliyasema bila hasira. Akasema tu, "Wote wawili wanajua." Kesho yake akaanza kuchimba lile tope mwenyewe, na mimi nikawa namsaidia kubeba kwa karai. Kazi ya watu mia. Watu walipita njiani wakatutazama. Mmoja alituambia, "Kazi njema, Alhaji."

Mvua ilikuja mapema ikaja yote. Ilinyesha siku na siku, na ile alfajiri Eliamini aliamka akasikia kijito kimebadilisha sauti. Akachukua mti wa kuzibulia. Nikamwacha Upendo kwa jirani, nikamfuata. Maji yalikuwa yameshapita juu ya ukuta, yanaulamba udongo vipande vipande, na lile tundu la chini limezibwa na tope gumu kama saruji. Alishuka mpaka kiunoni, anasukuma kwa mti. "Nivute nikisema!" akanipigia kelele. Nilikuwa nimeshika ncha ya koti lake. Hakusema. Ukuta ulijifungua kama mtu anavyofungua mlango. Nilichokumbuka baadaye ni rangi, ile rangi nyekundu, na mti wa mgrivea umenipiga pajani ukanishika hapo hapo, na mkononi nina koti. Yeye alipatikana chini ya kona ya tatu. Maji hayakuishia hapo, yaliteremka Mikwajuni, yakachukua mahindi, yakachukua mama mmoja na mwanawe, na nyumba ya Hadija ikabaki ukuta mmoja. Yeye na Mwanaidi waliokoka kwa sababu walikuwa wamelala kwa Mzee Shabani.

Elisante alitoa hotuba kaburini kwa mume wangu. Alimwita shujaa wa Iranzi. Mimi nililazwa kwenye mlango uliong'olewa bawabani, mguu umefungwa vijiti, nikamsikia. Chini kule Rajabu naye alizika, akasema watu wa juu wamefungulia maji makusudi. Hadija hakupanda kunipa pole. Nilimngoja. Kila kikohozi njiani nilidhani ni yeye. Sikushuka na mimi. Nilisema moyoni, kama anaamini tulifungulia makusudi, basi; alimpa wake, na wake alikataa kuja kuchimba. Sijui na yeye alisema nini moyoni mwake. Nilihamia Same na mtoto wangu, nikaanza kuuza chakula, na miaka ikapita kama inavyopita kwa watu wenye shughuli. Mara moja nilimwona stendi, amejitanda khanga, anashuka kwenye basi la Kisiwani. Aliniona. Nilikuwa na mwiko mkononi. Akapita.

Na wale wawili? Kabla tope halijakauka nilimwona Elisante amekaa mbele kwenye gari la Rajabu, wanakwenda Same kushughulikia misaada ya mafuriko. Siku hizi watoto wao wana kampuni pamoja, wanauza vifaa vya ujenzi.

Juzi nilipopata habari za msiba nilikwenda kwa bodaboda. Kijana aliyenipakia alikuwa na kofia ya mgombea. Akaniambia tukiwa kwenye vumbi, "Mama, mwaka huu lazima mtu wetu apite. Tumeonewa sana." Nikamwuliza, "Wetu nani?" Akacheka, "Si unajua, mama!" Kwenye mapaja nilikuwa nimepakata mfuko wa maharage, yale madogo mekundu ya mlimani. Sijui kwa nini nilibeba maharage. Watu wanapeleka rambirambi, mimi nikabeba maharage.

Chakula kilipokwisha Elisante alipita upande wetu kuaga akina mama. Alinitambua. "Mama Upendo! Za siku nyingi? Tunazeeka, eh?"

"Leo nani kachinja, mzee?" nikamwuliza.

Akakunja uso, akanitegea sikio. "Kuchinja?"

"Mbuzi wa leo. Nani kachinja?"

"Ah, sijui bwana, vijana hawa hawa." Akanipigapiga bega. "Kula, mama, kula." Akaenda zake. Nilimtazama machoni na nawaambia kweli, hakukumbuka. Mimi nimebeba kile kisu miaka yote hiyo, na yeye hakukumbuka.

Watu walipopungua Mwanaidi akanichukua mpaka chumba cha mama yake. Sasa ni mtu mzima, ana mdomo ule ule wa mama yake. Kitanda kilikuwa kimetolewa godoro, ukutani kuna mswala na kioo kidogo. Tulikaa kwenye fito za kitanda. Akaniambia, "Mama alikuwa anakutaja alipokuwa anaumwa. Alisema nikikuona nikwambie jambo moja. Ile kura alimpa Elisante."

Nikadhani sijasikia. "Nani alimpa Elisante?"

"Mama. Huku chini Elisante alipata kura mbili, watu walimsumbua babu wakidhani ni yeye, kwa kuwa alikuwa na urafiki na watu wa juu. Mama alikaa kimya. Alisema ndiva iko mlangoni kwa Naetwe. Anayelala karibu na ndiva hawezi kuiacha ipasuke. Basi akawapa wa huko kwenu, kwa ajili ya maji, na kwa ajili yako." Akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Alikuwa anaogopa ukijua alimpa yule aliyesababisha babu achekwe utamwona hana haya. Halafu ilipopasuka ndiyo akashindwa kabisa kupanda. Na wewe mama mkubwa, ulimpa nani?"

Nje wanawake walikuwa wanasugua masufuria kwa majivu. Tuliweka mawe mawili kwenye ufa mmoja, kila mtu kutoka upande wake, na wale tuliowachagua hawakuwa na mikono. Kura yake na yangu zilifutana. Hata tusingeamka siku ile, karatasi ya ukutani ingesema kile kile. Lakini tungekuwa tumeongea miaka yote hii. Ningekula ukoko.

"Nilimpa Rajabu," nikamwambia.

Mwanaidi akacheka, akalia, akacheka tena, akasema, "Jamani, mama angekutukana!" Ni kweli, angenitukana vizuri sana. Kisha akauona ule mfuko miguuni mwangu, akaufungua, akatia mkono, akayachezesha maharage kwenye vidole. Akatoka nayo uani, nikasikia anamwambia binti yake achukue mahindi yaliyokobolewa kule stoo na asiondoe sufuria kubwa motoni. Makande yanachelewa kuiva, kila mtu anajua. Basi la mwisho la Same lilipiga honi barabarani, likaondoka. Nilirudi kwenye mkeka, nikanyoosha mguu wangu, nikangoja.